Mwalimu na Mashine Isiyotoa Joto

Mtu akikwambia kwamba ukiijua hesabu ya nyumba yako utaishi kwa amani, mlete kwangu nimsimulie. Nimepanga miaka mingi kwa mwanamke aliyeijua hesabu ya nyumba yake kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na amani hiyo sikuiona. Tulimwita Mwalimu. Jina lake analo, na kanisani walimwita kwa jina la mumewe, lakini pale Uyole, Mbeya, ukiulizia kwa Mwalimu hata mwenye genge la mboga alikuonyesha geti. Alifundisha sayansikimu shule za wasichana, Iringa kwanza na baadaye Mbeya, mpaka akastaafu. Nyumba kubwa walikaa yeye na mumewe. Sisi wapangaji tulikaa vyumba vya uani, na wote tulitumia luku moja, mita ile ya umeme wa kununua kabla.

Aliyewahi kupanga anajua maana ya luku moja. Kwingine watu huchanga sawa kwa sawa, mwenye taa moja na mwenye friji, halafu wananuniana mwaka mzima. Kwa Mwalimu ulichangia kwa vifaa vyako na kwa muda unaoviwasha, na mkadiriaji alikuwa yeye. Siku niliyokwenda kuomba chumba hakuniuliza dini wala kabila. Aliniuliza nina vifaa gani. Nikamwambia taa, redio na pasi. Hapo kwenye pasi akanitazama upya. Nikamweleza kuwa nauza mitumba soko la Mwanjelwa, na gauni la mtumba lisilopigwa pasi mteja analipita kama tambara la deki. Akasema sawa, lakini pasi ije kabla ya kitanda.

Nikaileta. Akaichomeka kwenye soketi ya barazani, akaenda kusimama mbele ya luku, mikono nyuma. Luku ile ilikuwa na kitaa chekundu kinachopepesa. Umeme ukitumika kidogo kinapepesa polepole, ukitumika sana kinakimbia. Akakitazama kikikimbia kwa sababu ya pasi yangu, akatikisa kichwa, akarudi akasogeza kiganja karibu na bati, jinsi unavyompima mtoto homa. Kisha akanipa kanuni, ambayo baadaye nilimsikia akimpa kila mpangaji mpya: kifaa kinachotoa joto kinakula umeme, kifaa kinachotoa sauti tu kinauonja. Pasi, jiko, hita, jagi la umeme, hivyo vinakula. Redio, feni, televisheni, vinaonja. Friji aliiweka katikati, kwa kuwa mbele ina baridi na nyuma ina joto.

Nilipangiwa asubuhi zangu za kupiga pasi. Nikafundishwa kuanza na jinzi na makoti, kisha kuzima na kumalizia blauzi kwa moto uliobaki kwenye bati. Mimi ni mtu mzima, nimezaa, nimepiga pasi tangu enzi za mkaa, na nilibetua midomo pale pale mbele yake. Lakini alikuwa sahihi. Mpaka leo blauzi nazimalizia hivyo, na kila nikizima pasi namkumbuka, na simkumbuki kwa furaha.

Alikuwa Mhehe wa upande wa Kilolo, mwembamba, mrefu, kitenge kimefungwa kama kimepimwa kwa rula. Asubuhi alitusalimu kamwene, mimi Mnyakyusa naitikia kamwene, maana kuitikia vingine kulileta mjadala. Akipita mlangoni kwangu hakugonga. Alisema tu, "Mama Esta, pasi," na mimi ndani najibu nazima, Mwalimu, hata kama ndiyo kwanza nawasha. Hela hakuipenda kuitaja. Hela inapanda na kushuka, alisema, uniti ni uniti. Ukimuuliza kitu kinagharimu kiasi gani alikujibu kwa uniti, iwe mpira wa televisheni au maji ya kuoga. Wakati mwingine alikuambia kwamba maharage yakiungua utanusa hata ukiwa kwa jirani, lakini umeme ukiungua hunusi kitu, ndiyo maana unahitaji akili mahali pa pua.

Usidhani alikuwa bahili. Hapo ndipo watu walipomkosea. Mwanamke yeyote wa uani akijifungua, Mwalimu mwenyewe alikuja na hita yake, akaichomeka chumbani kwa mzazi na kusema mpaka arobaini hakuna hesabu. Mwenye kuijua Uyole ya mwezi wa saba, na ule upepo unaoshuka mlimani, anajua ile hita ilikuwa ni kitu gani kwa mtoto mchanga. Jirani akifiwa, alipitisha waya juu ya ukuta kuwasha taa za turubai siku zote za msiba, na akitokea mtu wa kumuuliza zimekwenda uniti ngapi alikuwa akimwambia anyamaze. Sokoni walimpandishia bei ya viazi na hakugundua. Wanafunzi wake wa zamani, wengine ni manesi, wengine wana wajukuu, walikuja kumsalimia wakakaa barazani wamenyoosha migongo, na kabla ya kuondoka alishawauliza nyumbani kwao wanatumia jiko gani.

Mumewe tulimwita Mzee tu. Ujana wake wote alipasua mbao Mufindi, na vumbi la mbao lilikuwa limemwingia kifuani likakataa kutoka. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayecheka kwa mabega. Kuna siku nilikuwa nalalamika kupimwa pasi, akanivuta pembeni akaniambia nisihuzunike, yeye ndiye kifaa cha kwanza ambacho yule mama alikipima. Alikishika akaona hakina joto, akajua matumizi yatakuwa madogo, akakichukua. Mwalimu alisikia, akamwambia anyamaze anywe uji. Walipendana wale watu. Sikuwahi kuwasikia wakilisema hilo, na wala hawakuhitaji.

Kifua kilipozidi, hospitali walimwambia mapafu yamekakamaa, na kwamba sasa anahitaji hewa ya mashine nyumbani, mchana na usiku. Mwalimu akampata bwana mmoja wa mjini anayekodisha vifaa vya wagonjwa. Mashine ikaletwa kwa bajaji, imefunikwa shuka. Tulitoka wote kuitazama: sanduku la rangi ya majivu lenye magurudumu, na mrija mwembamba unaokwenda puani. Ikawashwa. Ilivuma, ikapumua, ikavuma, ikapumua. Mzee akafumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi tukaona midomo yake ina rangi ya mtu.

Mwalimu akasogeza kiganja kwenye ubavu wa lile sanduku. Akakizungusha nyuma, juu, kila upande, tukimwangalia. Hewa iliyotoka ilikuwa ya baridi. Akatugeukia, uso umefunguka, akasema, "Hii inaonja tu." Tukafurahi naye. Siku ile hakwenda kusimama kwenye luku. Mimi nililiona hilo na sikulipa uzito, kwa kuwa nani angemdai mke apime pumzi ya mume wake siku hiyo hiyo aliyoipata.

Uniti za mwezi zikaisha kabla mwezi haujafika katikati. Tukachanga tena, zikaisha tena. Luku ikawa inalia kila mara ile milio yake ya kudai. Mwalimu akaanza kupita vyumbani. Aliingia na kiganja chake, akapapasa soketi, akapapasa kuta, akainama chini ya vitanda kutafuta jagi au hita iliyofichwa. Dada wa chumba cha kona, Mwislamu wa asili ya pwani, mwenye duka la vitambaa pale sokoni Uyole, alimfungulia hadi sanduku la nguo zake za ndani. Hakuna kilichopatikana. Chumbani kwangu ilikuwepo pasi, na pasi inakula, kila mtu anajua. Akaichomoa.

Nilikasirika na nikasema. Nilimwambia pasi nimeiwasha asubuhi zile zile alizonipangia, wala sijazidisha. Nikamuuliza mbona mashine ya Mzee haitajwi. Akasimama mlangoni na pasi yangu kwapani.

"Ile haitoi joto, Mama Esta," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya darasani.

Siku zilizofuata nilipiga nguo pasi ya mkaa kwa jirani, blauzi nyeupe zikitoka na madoa ya masizi, moyoni nikimlaani. Kisha Jumamosi moja mchana akatuita wote barazani. Alikuwa na kipande cha chaki. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akaanza kuandika kwenye sakafu ya saruji. Aliandika nguvu ya mashine kama ilivyosomeka kwenye kibandiko cha nyuma. Akaizidisha kwa saa za mchana na usiku, akazidisha kwa siku za mwezi, akagawanya kwa elfu, yote kwa sauti, akibeba tarakimu kwa vidole, kama alivyowafundisha wasichana wa watu miaka yote ile. Jibu lilipokuja lilikuwa kubwa kuliko vyumba vyetu vyote ukijumlisha na nyumba yake. Akaliandika, akalipigia mstari chini. Akaniita mbele nikachukua pasi yangu.

"Samahani, Mama Esta," akasema. "Kuzidisha najua. Hii sikutaka kuizidisha."

Dirisha la chumba chao lilikuwa wazi nyuma yake. Mashine ilikuwa inavuma, na Mzee alikuwa kitandani kando ya dirisha hilo, kichwa kimeelekea kwetu. Kila namba aliisikia.

Dada wa kona ndiye aliyetoa wazo. Alisema vyumba vyote tuongeze kidogo kidogo kwenye mchango, mashine iwe ya ua mzima, mradi Mzee apumue. Tuliitikia wote, na tulimaanisha. Mwalimu alikataa. Alisema kila mtu anachangia kifaa chake, na hiki ni chake, na kwamba akivunja utaratibu kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe hatakuwa na uso wa kumdai mtu mwingine. Tulibishana naye mpaka tukachoka. Mtu aliyewawashia wazazi hita bila hesabu hakukubali sisi tumwashie mumewe hewa. Nimelifikiria hili mara nyingi na bado linanitia hasira, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka, maana kwa upande wake alikuwa mwadilifu.

Akaanza kupunguza. Friji ikauzwa, ikabebwa mbele ya dirisha la Mzee. Televisheni ikafuata. Taa za nyumba kubwa zikabaki moja ya chumbani na moja ya geti. Hita ya wazazi akampa binti wa kanisani aliyekuwa mjamzito. Vyote hivyo alivikadiria kwanza, akijua kila kimoja kinaiachia mashine muda gani wa kuwaka, na kila kikitoka alikuwa akimwambia Mzee kimeongeza kiasi gani, akidhani anampa moyo. Bado haikutosha. Basi akatafuta kibarua, mstaafu yule, cha kufundisha ushonaji kwenye kituo kimoja cha mjini kila baada ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa anaweza kujigeuza na kufikia maji. Saa zile sisi wengine tuko Mwanjelwa au sokoni, ua umebaki na kuku tu.

Haikupita muda mambo yakabadilika. Uniti zikaanza kudumu. Mwalimu alikuwa sasa anasimama mbele ya luku kila jioni, anasoma, anasoma tena. Alikuwa amekadiria zitabaki kiasi fulani na zilikuwa zinabaki nyingi zaidi. Akakagua hesabu yake, akatoa saa za umeme kukatika, akatoa kila alichoweza kukitoa, na bado zilizidi. Akaniita nisome na mimi. Nilisoma namba ile ile. Nikamwambia labda mashine imezoea, unajua tena mtu akitafuta neno la kumfariji mwenzake. Yeye akasema hakuna mashine inayozoea. Kisha akasema kwamba kuna hesabu za Mungu ambazo hazimo kwenye somo lake.

Akatoa shukrani kanisani. Kwa Walutheri wa kwetu mtu mwenye shukrani hatoi sadaka kimyakimya, anapita mbele akisindikizwa, kwaya inaimba, na wanaompenda wanapita naye. Mwalimu alituomba ua mzima. Tulikwenda wote na sare za kitenge tulizoshonewa na wanafunzi wake wa kituoni. Dada wa kona alikuja na ushungi wake akakaa benchi la nyuma, na tulipoinuka kumsindikiza naye akainuka. Mwalimu alipewa nafasi ya kusema neno, akasema maneno machache tu, kwamba katika nyumba yake kidogo kimetosha. Watu wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga, mpaka koo likakauka.

Mzee akaendelea kudhoofika. Walimrudisha hospitali, na daktari akamuuliza Mwalimu kama mashine inatumika kama walivyoelekezwa. Nilikuwepo, nimebeba chupa ya chai. Alijibu mchana na usiku, daktari, kwa ile fahari ya mwalimu ambaye darasa lake limefaulu. Mzee alikuwa amelala anamtazama. Akamshika mkono. Hakutoka tena wodini.

Baada ya msiba Mwalimu hakukaa. Alituambia atarudi kwao kwa mdogo wake, nyumba ikapata mwenyewe mwingine, na huyo akatuwekea kila chumba kijimita chake. Sasa hatukadiriani. Kila mtu anajua lake na anafunga mlango wake. Nilidhani ningefurahi, na siku ya kwanza nilipiga pasi mpaka nikachoka, nguo hata zisizohitaji. Hakuna aliyepita mlangoni kuniambia kitu.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa kwenye basi la asubuhi nakwenda Dar es Salaam kuchukua marobota ya mitumba, basi likasimama Ilula, wilayani Kilolo, watu wanunue nyanya. Wauzaji wakakimbilia madirisha na sado zao, vindoo vya kupimia nyanya. Nyuma yao, kando ya meza, mwanamke mrefu alikuwa amekaa kwenye kigoda hakimbilii mtu. Nikashuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza Esta yuko darasa la ngapi, akauliza biashara. Mdogo wake alikuwa kule madirishani. Mwalimu alikuwa amezeeka vibaya, lakini kitenge kimefungwa vilevile. Kondakta alishasema hatukai.

Akanieleza bila mimi kumuuliza, kama mtu aliyekuwa akimngoja yeyote wa ule ua atokee. Baada ya mazishi aliirudisha mashine kwa yule bwana wa mjini. Yule bwana akaifungua kifuniko cha pembeni, ndani kuna kidude kinachohesabu saa ambazo mashine imewaka. Akakisoma, akalinganisha na alichoandika siku ya kuikodisha. Akamsifu Mwalimu. Akamwambia mama, umeitunza, haijatumika sana hii.

"Nikamwambia asome tena," Mwalimu akasema. "Akasoma. Nikatoa hapo hapo, kwa kichwa. Zilizopungua ni saa zangu za kituoni, Mama Esta. Kila nilipotoka alizima. Na nilipokaribia kurudi aliwasha."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa nyumbani saa zile, kwamba Mzee mwenyewe alizichagua kwa sababu hiyo, lakini hilo lingemsaidia nini. Basi likapiga honi. Alinishika kiwiko, macho kwenye uso wangu, na nikajua kuna kitu kimoja hakikukamilika kwenye hesabu yake na amekibeba tangu Mbeya.

"Zikabaki saa chache sijui za lini," akasema. "Jumapili ile ya shukrani. Nyumbani alibaki nani?"

"Mzee."

"Na nani?"

"Peke yake, Mwalimu," nikasema. "Sisi wote tulikuja."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Kisha akageukia meza, akaanza kunichagulia nyanya ngumu, zile zinazoweza kufika Dar.